Matembezi ya polepole bandarini na vijijini pwani: tufike maji yakiwa yamejaa au yamekupwa?

Msafiri wa Taratibu aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi na baba yangu, ambaye umri umesonga lakini miguu bado inamtii endapo haharakishwi, tumeamua kuachana na safari za kukimbizana na ratiba na badala yake kufanya matembezi mafupi katika vijiji vya pwani na bandari ndogo ndogo, hasa zile ambazo bado zinatumiwa na wavuvi. Hatutafuti kuogelea wala kuota jua. Tunataka kutembea, kusimama, kutazama, na kuendelea tena tukiwa tayari.

Tatizo langu ni kwamba miongozo mingi ninayoisoma inataja urefu wa njia na uzuri wa mandhari, lakini haisemi lolote kuhusu saa. Nimeona picha mbili za bandari moja ambazo ungeapa kuwa ni za mahali pawili tofauti: katika ya kwanza vyombo vinaelea karibu na ukingo wa gati, na katika ya pili vyombo hivyo hivyo vimelala ubavu juu ya tope, na ngazi ya chuma ya ukutani inaishia hewani. Mtu aliyetoka mbali kuja kuona picha ya kwanza akaikuta ya pili atarudi amenuna, na nadhani wapo ambao wangenuna kwa sababu ya kinyume chake.

Naomba msaada katika mambo matatu. Tupange kufika wakati gani? Tukishafika tutazame nini, maana mtu asiyejua anachokiona anaweza kulizunguka gati zima kwa dakika kumi akadhani amemaliza? Na je, kuna hatari zipi ambazo mtu wa bara kama mimi hawezi kuzitambua kwa macho? Baba hapendi kuambiwa "usipite hapo" bila kupewa sababu, kwa hiyo nitashukuru nikipewa na sababu zenyewe.

Mzee wa Gati alijibu:

Mwanangu, swali la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Kabla hujachagua siku, kabla hata hujatazama utabiri wa hali ya hewa, tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari unayokwenda. Katika sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo sababu kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake, na ndiyo sababu pia ushauri wa aina ya "nendeni asubuhi" haumsaidii mtu: ukiikuta bandari imejaa asubuhi ya Jumatatu hii, asubuhi ya Jumatatu ijayo, saa ile ile, utaikuta karibu na tupu.

Kisha tazama mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua, ambapo maji hupanda sana na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kuna jambo ambalo watu waliozaliwa pwani hulijua bila kulisoma, na ambalo wageni hushangaa wakiambiwa: katika bandari moja, bamvua hujaa karibu saa zile zile mwaka mzima. Ikiwa safari hii limejaa saa kumi alasiri, lijalo nalo litajaa karibu na saa hiyo, alasiri na alfajiri. Ukishaishika saa ya bamvua ya mahali fulani, kalenda ya mwezi peke yake inatosha kukupa sura ya siku, ingawa kwa dakika zake hakuna mbadala wa jedwali.

Lazima ujue pia kwamba maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Mabaharia huigawa tofauti ya kujaa na kupwa katika sehemu 12: katika saa ya kwanza maji husogea sehemu 1, saa ya pili 2, saa ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini inamfaa mtembezi. Katika bandari ambayo tofauti yake ni mita 4, saa ya kwanza itakuletea sentimita 33 hivi, ilhali saa ya tatu na ya nne kila moja italeta mita nzima. Anayefika mwanzoni anadhani bahari imelala. Anayefika katikati anaiona ngazi ya gati ikimezwa kidato baada ya kidato.

Ningekuwa ninyi, ningefika bandarini kama saa mbili na nusu kabla ya kilele cha kujaa. Wakati huo vyombo vilivyokuwa vikisubiri nje mpaka kina kitoshe huanza kuingia, kamba hurushwa, watu huitana, na kila kitu kilichokuwa kimesimama hupata sababu ya kusogea. Kilele kikifika, maji hutulia kwa muda na shughuli nazo hupoa, na huo ndio wakati wa kupenya vichochoroni mwa kijiji, ambako kuna kivuli na mahali pa kukaa. Maji yakianza kupwa, shukeni ufukoni, kwa kuwa kila dakika inayopita itawaongezea nafasi ya kukanyaga badala ya kuwapunguzia.

Angalizo moja: haya yote hayafai kila mahali. Katika sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania, na zaidi katika Bahari ya Baltiki, tofauti ni ndogo kiasi kwamba upepo na mgandamizo wa hewa huweza kuipiku. Katika baadhi ya fukwe za Ghuba ya Meksiko maji hujaa mara moja tu kwa siku. Na katika Ghuba ya Fundy, nchini Kanada, tofauti hiyo huweza kufikia mita 16, na huko hakuna anayehitaji kuambiwa na mimi aangalie jedwali.

Kuhusu cha kutazama nitataja kimoja na kuwaachia wenzangu vingine: ukuta wa gati. Maji yakiwa chini, usome kuanzia juu. Juu kabisa jiwe ni kavu na lina rangi yake ya asili. Chini yake kuna mkanda mweusi kama uliopakwa lami, ambao ni viumbe wanaoridhika na rashasha peke yake. Unafuata mkanda wa vijigamba vyeupe vyenye makali, vilivyogandamana na jiwe, kisha mwani wa kijani na wa kahawia unaoning'inia. Mipaka ya mikanda hiyo imechorwa na maji yenyewe, na itakuonyesha bamvua hufika wapi hata ukiwa umekuja siku ya maji mafu. Mwambie baba achague kijigamba kimoja kilicho juu kidogo ya uso wa maji na akisubiri. Maji yakikifikia, mlango wake mdogo utafunguka, itatoka miguu myembamba yenye manyoya, itapunga maji kutafuta chakula, itarudi ndani, itatoka tena. Watu wengi hupita juu ya maelfu ya milango hiyo wakitafuta kitu cha kuangalia.

Fundi Mashua alijibu:

Namheshimu Mzee wa Gati, na hesabu yake ya maji sina la kuirekebisha, lakini kwa bandari ndogo naipinga ratiba yake. Anayekuja maji yakijaa anaona nusu ya juu ya chombo, ambayo ni rangi, kamba na vyumba. Nusu inayoeleza chombo kimejengwaje na kinafanya kazi gani imo majini. Mimi ningefika saa moja kabla ya maji kukauka.

Hapo utaona kwa nini mashua moja imelala ubavu na jirani yake imesimama wima. Yenye mkuku mmoja mrefu, yaani ule uti wa chini ya tumbo la chombo, haina budi kulala, au kuegemezwa ukutani, au kutegemezwa kwa miti pande zote mbili; yenye mikuku miwili mifupi, mmoja kila upande, husimama yenyewe juu ya tope. Inama uangalie karibu na rafadha, yaani panga linalozunguka kukisukuma chombo, utaona vipande vya zinki vilivyofungwa kwa skrubu, vingine vikiwa vimeliwa nusu. Vimewekwa hapo makusudi ili maji ya chumvi yavile vyenyewe na kuiacha rafadha salama, na mwenye chombo huvibadilisha kabla havijaisha. Sakafu ya bandari nayo huonekana: mnyororo mzito uliotandazwa kutoka upande huu hadi ule, minyororo myembamba inayoinuka kutoka kwake hadi kwenye maboya, na katikati mfereji uliochimbwa na kijito, ambao ndio njia halisi anayoifuata nahodha hata pale maji yanapokuwa yameficha kila kitu na wewe unaona bandari nzima ni sawasawa.

Zaidi ya hayo, huo ndio wakati wa kazi. Chombo kilichokauka kinaweza kukwanguliwa na kupakwa rangi tumboni, na anayefanya kazi hiyo ana saa nne au tano tu kabla maji hayajamrudia. Utamwona amepiga magoti, mkwanguo mkononi, akianzia chini karibu na mkuku kwa sababu huko ndiko maji yatakakofika kwanza, na akigeuza shingo mara kwa mara kutazama mlango wa bandari. Mtazameni kutoka gatini. Msiteremke kumuuliza maswali hapo, maana kila neno unalomtoa linamla muda. Akianza kufuta vifaa vyake, ndipo umsalimu, na mara nyingi atazungumza kuliko ulivyotarajia.

Nyavu zilizotandazwa zizungukeni. Msizivuke hata kama zinaonekana kuukuu, kwa kuwa kisigino kikinasa kwenye jicho moja kinaweza kuvuta na kuharibu ushonaji uliochukua asubuhi nzima. Na kabla ya kupiga picha ya mtu, ombeni.

Kuna bandari ambazo ubishi wetu haupo kabisa. Bandari ya zamani ya Honfleur, nchini Ufaransa, ina lango linaloyazuia maji ndani, kwa hiyo vyombo huelea muda wote hata bahari ya nje ikiwa imekupwa. Ni nzuri sana kwa picha. Kwangu mimi hupungukiwa na kitu, lakini hiyo ni hukumu ya mtu aliyezoea kufanya kazi topeni.

Mama Wawili alijibu:

Nyote wawili mmeanza na maji. Mimi naongeza yale yanayosomeka, kwa sababu bandari imejaa maandishi na alama, na wanangu wamefundishika huko kuliko kwenye matembezi mengine yoyote.

Anzeni na namba zilizoandikwa wima kwenye omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli. Hizo zinaonyesha meli imezama kiasi gani. Zikiwa za kipimo cha mita, kila tarakimu ina kimo cha sentimita 10, na kipimo husomwa mahali ambapo tarakimu inaanzia, yaani chini yake. Katikati ya ubavu mtakuta duara lililokatwa na mstari. Chanzo chake ni harakati za Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, zilizozaa sheria ya mwaka 1876 ya kulazimisha meli kuwekwa alama ya mzigo, katika enzi ambayo baadhi ya wenye meli walikuwa wakizishindilia kupita kiasi na mabaharia ndio waliokufa. Kando ya duara kuna mistari mifupi ya maji baridi, ya ukanda wa joto, ya kiangazi na ya kipupwe, kwa sababu meli huzama zaidi kwenye maji ya mto kuliko ya chumvi, na kwa sababu bahari ya kipupwe yenye dhoruba inadai ubavu mrefu zaidi ubaki nje ya maji.

Meli kubwa huwa pia na namba ya tarakimu saba inayotanguliwa na herufi IMO. Jina la meli hubadilika, bendera hubadilika, mwenye mali hubadilika, lakini namba hiyo huendelea kuwa ile ile mpaka meli ikatwe chuma chakavu. Ina mchezo ndani yake. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3 na ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo lazima iwe sawa na tarakimu ya saba. Kwa namba 9074729 jumla ni 139, na kweli inaishia na 9. Mzee anayependa hesabu hawezi kuchoka hapo, na mkibahatika mtaona jina la zamani la meli likijichomoza chini ya rangi mpya, kwa kuwa herufi zake ziliunganishwa na chuma na hakuna aliyejisumbua kuzisaga.

Maboya ya mlangoni nayo yana mpangilio wake. Kwa chombo kinachoingia kutoka baharini, maboya yenye umbo la pipa huachwa kushoto na yenye umbo la pia, yaani lililochongoka juu, huachwa kulia, popote duniani. Kinachobadilika ni rangi: katika Afrika, Ulaya, Australia na sehemu kubwa ya Asia nyekundu iko kushoto na kijani kulia, lakini katika mabara ya Amerika, na pia Japani, Korea na Ufilipino, ni kinyume. Simameni mwisho wa ukuta wa kukingia mawimbi, mjifanye ni nahodha, na mtajua mara moja mko upande upi wa dunia.

Mkiweza, bakini mpaka giza liingie ili mhesabu mnara wa taa. Kila mnara una mdundo wake, idadi fulani ya miali ndani ya sekunde fulani, na huo ndio unaomtofautisha na jirani yake kwa mtu aliye baharini. Lenzi ya vipande vipande inayokusanya mwanga na kuutupa mbali ilibuniwa na Augustin Fresnel na kuwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan, kwenye mlango wa mto Gironde. Mtu mzima aliyesimama kwenye usawa wa maji anaona upeo wa bahari ulio umbali wa kilomita 5 tu, pungufu kidogo. Akipanda mita 30, upeo huo unasogea hadi karibu kilomita 20. Kwa hiyo mnara ukiruhusu kupandwa na ngazi zake si za kumuumiza mzee, pandeni.

Mlinzi wa Ufuko alijibu:

Nitajibu swali la tatu, na nitampa baba sababu anazozitaka.

Njia za kuvuka mchangani kwenda visiwani maji yakiwa yamekupwa ndizo zinazowadanganya watu wenye akili zao. Mtembezi huyatazama maji yaliyo mbele yake, akayaona yako mbali, akajisikia salama. Lakini mchanga si tambarare, na maji yanayorudi huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yake, kati yake na nchi kavu. Anapogeuka, njia aliyojia imeshakuwa mto. Katika ghuba ya Morecambe, nchini Uingereza, usiku wa tarehe 5 Februari 2004, wafanyakazi wasiopungua 21 waliokuwa wakikusanya samakigamba mchangani walikufa maji kwa namna hiyo. Njia ya kwenda kisiwa cha Lindisfarne, katika nchi hiyo hiyo, hufunikwa mara mbili kwa siku, na saa za kuvuka salama hutangazwa na kubandikwa. Saa hizo ziheshimuni hata kama njia inaonekana kavu, na kama hakuna aliyezibandika, msivuke.

Kwenye mteremko wa kushushia mashua, kanyageni sehemu ambayo rangi yake ni ya jiwe au saruji. Sehemu ya kijani ina utelezi usiotegemea ubora wa kiatu, na chini yake kwa kawaida kuna maji yenye kina na hakuna cha kushika.

Kamba ya meli iliyokazwa msiiruke, msiikalie, wala msisimame kwenye mstari wake. Ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa, na hukatika bila kutoa taarifa.

Kwenye ukuta wa kukingia mawimbi, kabla hamjapanda, tazameni jiwe la juu. Kama limelowa na mvua haijanyesha, bahari imelifikia muda si mrefu, na italifikia tena, kwa sababu mawimbi makubwa huja kwa makundi na kati ya kundi na kundi kunaweza kupita dakika kadhaa za utulivu unaoshawishi. Simameni mbali mtazame kwa muda huo kwanza.

Kuhusu majabali, msikae chini yake kupunga upepo, hasa baada ya mvua, na njia ikifungwa msitafute upenyo. Njia maarufu ya Via dell'Amore huko Cinque Terre, nchini Italia, ilifungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii, na haikufunguliwa tena kikamilifu mpaka 2024. Ilikuwa njia pana, yenye uzio, iliyopitwa na umati wa watu kila siku.

Msafiri wa Taratibu aliandika:

Shikamoo Mzee wa Gati, na asanteni wote. Nimemsomea baba majibu yenu, naye amekwisha kujiunga na upande wa Fundi Mashua, ingawa mchezo wa namba za meli ndio aliourudia mara nyingi zaidi. Nina nyongeza mbili. Anataka sana kuziona meli kubwa kwa karibu, si mashua peke yake: je, tunaweza kutembea katika bandari ya mizigo? Na pili, nimeona kwamba vijiji vingi vya pwani vimeunganishwa na njia ndefu za miguu zenye alama. Je, kipande cha kilomita tano au sita kinamfaa mtu wa umri wake?

Mzee wa Gati alijibu:

Marahaba mwanangu. Bandari ya mizigo iondoeni kwenye mpango. Tangu tarehe 1 Julai 2004, ilipoanza kutumika kanuni ya kimataifa ya usalama wa meli na bandari, magati yanayopokea meli za kimataifa yanatakiwa kudhibiti nani anaingia, ndiyo maana mtakuta uzio, lango na walinzi mahali ambapo zamani mtu angepita na baiskeli yake. Lakini meli haizaliwi gatini. Itafuteni pale inapolazimika kupita, kwenye mlango wa bandari au mahali mkondo unapobana, na huko mara nyingi kuna barabara ya kando ya maji au benchi ambalo halina uhusiano wowote na mamlaka ya bandari. Boti ya rubani, yaani mwenyeji anayepanda melini kuiongoza bandarini, ndiyo ishara yenu. Ikitoka kasi kuelekea baharini, meli iko njiani. Na mkiwa na darubini mtaweza kuiona ikibanana na ubavu wa meli huku zote mbili zikitembea, na rubani akipanda ngazi ya kamba. Rubani akishakuwa ndani, meli hupandisha bendera iliyogawanywa nusu nyeupe na nusu nyekundu. Kama kuna kivuko cha abiria, kipandeni kwenda na kurudi bila kushuka. Ni matembezi ambayo baba atayafanya akiwa ameketi.

Kuhusu njia ndefu, uzitilie shaka kilomita zake. Njia ya GR 34 ya Bretagne, nchini Ufaransa, ilianza mwaka 1791 kama njia ya maofisa wa forodha waliokuwa wakivizia magendo, na njia ya pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, yenye kilomita 1,014, nayo ina asili inayofanana na hiyo. Ofisa anayemtafuta mtu aliyejificha na shehena hakukata njia ya mkato. Alilazimika kushuka katika kila kihori, kuchungulia, na kupanda tena. Ndiyo sababu kilomita sita za ramani zinaweza kuwa na miteremko ambayo magoti ya mzee yataikumbuka kwa wiki nzima, na kushuka huumiza zaidi ya kupanda. Chagueni ukingo wa mlango wa mto, au njia inayozunguka bandari moja kutoka ukuta hadi ukuta. Kilomita mbili za namna hiyo, kwa watu wanaosimama kama mnavyotaka kusimama, zinamaliza nusu siku.

Fundi Mashua alijibu:

Nakubaliana kuhusu njia, na naongeza upepo. Siku za jua, upepo wa kutoka baharini huanza kabla ya adhuhuri na kuwa mkali zaidi alasiri, kwa hiyo pangeni sehemu iliyo wazi iwe asubuhi, na kurudi kuwe kwa njia ya vichochoroni. Kuhusu ubishi wangu na mzee, njia ya kuumaliza ni kulala hapo hapo kijijini. Kati ya kupwa na kujaa kuna saa sita na kidogo, na mtu ambaye hana haraka anaweza kuanza na ratiba yangu topeni, akapumzika, akamalizia na yake gatini.

Mzee wa Gati alijibu:

Hilo nalikubali, ila chagueni siku ambayo kupwa kunaangukia asubuhi mapema, la sivyo sehemu ya pili itawakuta gizani. Na mkilichukua jedwali, someni maandishi madogo yaliyo juu yake au chini yake kabla ya kuamini saa. Katika nchi zinazosogeza saa mbele majira ya kiangazi, baadhi ya majedwali huchapishwa kwa saa ya kawaida mwaka mzima, na msomaji anatarajiwa kuongeza saa moja mwenyewe. Vimo navyo havihesabiwi kutoka sakafu ya bandari bali kutoka kiwango cha chini sana ambacho maji hukifikia kwa nadra, kwa hiyo mkiona namba ndogo karibu na sifuri, jueni kwamba siku hiyo Fundi atakuwa na kazi nyingi.